Usipande Mnara Unaotaka Kuuona: Siku Sita za Ngazi, Firenze hadi Bologna

Wageni wengi wanaofika Italia ya kati huchagua mnara wa kupanda kwa umaarufu wake. Wanalipa, wanahema, wanafika juu, halafu wanagundua kwamba kile walichokijia hakimo kwenye picha, kwa sababu wamesimama juu yake. Ratiba hii imepangwa kinyume: kitu unachotaka kukiona kizima, panda jirani yake. La pili ni jua. Minara mingi ya huku inatazama upande mmoja wenye jambo kubwa, na upande huo una saa yake. Ukifika saa isiyo yake, unachokiona ni kivuli cheusi mbele ya mwanga.

Msimu mzuri ni Aprili na Mei, au katikati ya Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti joto la mchana hupita nyuzi 35, na ngazi zilizomo ndani ya kuta hazina upepo. Anayesafiri kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji visa ya Schengen, kwa hiyo tiketi za minara zisizorudishiwa pesa zinunuliwe visa ikishatoka, si kabla.

Mzigo wa kupandia uwe mdogo: chupa ya maji ya nusu lita, simu, viatu vya soli ya mpira, na khanga au mtandio kwa ajili ya mabega na magoti pale njia inapopita kanisani. Begi kubwa la mgongoni halipandi popote kati ya hapa tunapokwenda. Jambo moja dogo linalowaangusha wasomaji wa Kiswahili: tiketi huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 09:00 ni saa tatu asubuhi na 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri. Iandike upya kwenye simu yako kwa saa unayoizoea.

Siku ya 1: Firenze, mnara wa kengele

Asubuhi fika stesheni ya Santa Maria Novella, acha mizigo hotelini, kula. Usipande chochote bado. Mnara wa kengele wa kanisa kuu, unaojulikana kama mnara wa Giotto, uko upande wa magharibi, na kuba iko mashariki yake. Kabla ya mchana jua linakuwa nyuma ya kuba, linakupiga machoni. Kuanzia saa tisa alasiri limeshahamia mgongoni mwako na vigae vya kuba vinapata rangi yake ya matofali ya kuchoma. Kwa hiyo chukua nafasi ya saa tisa hadi saa kumi na moja.

Tiketi za eneo la kanisa kuu huuzwa kwa mafungu matatu. La Ghiberti halina kupanda kokote. La Giotto lina mnara wa kengele. La Brunelleschi lina mnara na kuba pamoja, na mwaka 2024 lilikuwa euro 30. Hudumu siku tatu mfululizo kwa kalenda, si saa 72: ukianza Jumatatu jioni, Jumatatu hiyo imehesabiwa. Nunua mtandaoni kwa waendeshaji wenyewe, Opera di Santa Maria del Fiore. Wachuuzi wa mtandaoni wanaoahidi "kuruka foleni" mara nyingi wanakuuzia tiketi ileile kwa bei ya juu.

Giotto, msanifu wake wa kwanza, alianza kazi mwaka 1334 na akafariki 1337, ghorofa ya chini tu ikiwa imesimama. Andrea Pisano akaendeleza, Francesco Talenti akamaliza mwaka 1359. Juu kulikusudiwa kuwekwa kilele kirefu chenye ncha. Talenti alikiacha, akajenga roshani pana bapa iliyochomoza nje ya kuta. Uamuzi huo ndio unaokupa leo mahali pa kusimama. Akafanya pia ujanja wa macho: ghorofa zake tatu za juu zinazidiana ukubwa kadiri zinavyopanda, ili mtu aliye uwanjani azione ziko sawa. Ukipanda ndipo unapogundua kwamba ghorofa ya mwisho ni ndefu kuliko ulivyodhani, na miguu yako inalijua hilo kabla ya macho.

Urefu ni mita 84.7, vidato 414, lifti hakuna. Ukigawanya, kila kidato ni kama sentimita 20, urefu wa kawaida kabisa. Kinachochosha ni wembamba wa njia na msongamano wa wanaopanda na wanaoshuka katika ngazi ileile. Desturi inayofanya kazi ni anayeshuka kumpisha anayepanda, maana anayeshuka bado ana pumzi ya kungoja. Mnapokutana na kundi la watu kumi, ingia kwenye kona ya dirisha na usubiri wote wapite. Kujibana katikati ya ngazi ndiko kunakoangusha simu.

Zipo sakafu za kupumzikia njiani, na hapo usipite haraka. Madirisha ya Talenti ni makubwa, yana nguzo nyembamba za marumaru zilizosokotwa, na kuba inaonekana humo kama imewekwa kwenye fremu. Wengi hukimbilia juu kisha wanakuta roshani imezungushiwa wavu wa chuma wa kuzuia watu kuanguka. Dawa ya wavu ni kusogeza lenzi mpaka iguse kabisa; waya ukiwa karibu mno na lenzi hupotea kwenye picha. Simu hupenya kwenye tundu bila shida. Kamera yenye lenzi pana haipenyi, na ndiyo maana picha za kamera kubwa zipigwe kwenye sakafu za katikati.

Hesabu dakika 15 hadi 20 za kupanda kwa mtu wa kawaida anayepumzika mara mbili, nusu saa juu, na dakika 10 za kushuka. Kupanda kunachosha moyo, kushuka kunachosha magoti. Shuka kwa kugeuza mguu upande kidogo, unyayo mzima ukae kwenye kidato, mkono ukiwa ukutani.

Siku ya 2: Firenze, kuba asubuhi, Palazzo Vecchio jioni

Kuba ya kanisa kuu, kazi ya msanifu Brunelleschi, haipandwi kwa ajili ya mandhari. Inapandwa ili uone ilivyojengwa, kwa sababu njia inapita ndani ya ujenzi wenyewe. Kuna kuba mbili, moja ndani ya nyingine, na vidato 463 vinapita kwenye nafasi iliyo kati yake. Ilijengwa kati ya mwaka 1420 na 1436 kwa matofali zaidi ya milioni nne, bila jukwaa la mbao la kuishikilia yote kutoka chini. Ukiwa kwenye ujia angalia ukuta: katikati ya safu za matofali yaliyolala kuna mengine yamesimamishwa wima, yanapanda kwa mshazari. Hayo yaliyosimama yaliwabana wenzao wasiteleze wakati chokaa bado haijakauka. Kila duara lilipokamilika lilijishikilia lenyewe, wajenzi wakaendelea na la juu yake.

Chagua nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi. Sababu ni mbili: ujia bado una hewa, na jua la mashariki linaangaza mnara wa kengele, ambao kutoka hapa ndio mandhari kuu. Jumapili kuba hufunguliwa mchana na kwa saa chache, kwa hiyo siku hiyo iepuke.

Saa ya kuba haibadilishwi. Ukichelewa, nafasi imepotea na pesa hairudi. Fika dakika 15 mapema, na usimame kwenye foleni sahihi: mlango wa kuba ni Porta della Mandorla, ubavuni mwa kanisa upande wa kaskazini. Ile foleni ndefu ya mbele ni ya kuingia kanisani bure, haihusiani na kuba, na kila asubuhi wako watu wanaoigundua tofauti hiyo dakika tano baada ya saa yao kupita.

Kituo cha kwanza ni ujia wa ndani, chini ya picha za Siku ya Hukumu. Vasari alizianza 1572, akafariki 1574, Zuccari akazimaliza 1579. Kwa karibu hivi utaona michoro ni mikubwa mno na mistari yake imepakwa kwa brashi nzito. Ilikusudiwa mtu aliye chini sana, si wewe uliye mita chache tu. Baada ya hapo njia inabana. Ukuta wa nje unainama juu yako, na mtu mrefu hutembea akiwa ameegemea upande mmoja. Mwishoni ngazi zinapanda moja kwa moja juu ya mgongo wa kuba ya ndani, kali kama ngazi ya dari, hadi kwenye uwazi unaokutoa chini ya kibanda cha marumaru.

Mwenye hofu ya mahali pafinyu aamue akiwa kwenye ujia wa picha. Mbele ya hapo kugeuka ni shida, kwa kuwa nyuma yako kuna watu mfululizo. Choo hakuna kabisa njiani.

Ukishashuka, zunguka nyuma ya kanisa upande wa mashariki utafute duara la marumaru nyeupe lililolazwa kwenye sakafu ya uwanja. Tufe la shaba la juu ya kuba, lililotengenezwa na Verrocchio na kupandishwa 1471, lilipigwa na radi mwaka 1600 likaanguka mpaka hapo. Lililoko juu sasa liliwekwa 1602. Simama kwenye duara hilo utazame juu. Umbali unaeleza mambo kuliko tarakimu.

Jioni, kama miguu inakubali, kuna mnara wa Palazzo Vecchio, jumba la zamani la serikali ya mji, unaoitwa mnara wa Arnolfo. Una mita kama 95 na uko kusini mwa kanisa kuu, kwa hiyo ukitazama kaskazini unapata kuba na mnara wa kengele vikiwa bega kwa bega, jua halikusumbui. Njiani unapita chumba kidogo cha mawe ambamo Cosimo de' Medici, tajiri wa benki, alifungwa mwaka 1433, na baadaye mtawa mhubiri Savonarola kabla ya kuuawa 1498. Watoto chini ya miaka sita hawaruhusiwi, na mvua ikinyesha mnara unafungwa. Mwenye siku moja tu Firenze achague: mnara wa Giotto kwa kuiona kuba kwa karibu, mnara wa Arnolfo kwa kuuelewa mji ulivyokaa. Miguu ikigoma kabisa, vuka mto Arno upande hadi Piazzale Michelangelo, ambako mji wote unaonekana bure.

Siku ya 3: Pisa asubuhi, Lucca alasiri

Treni ya mkoa kutoka Firenze hadi Pisa Centrale huchukua saa moja na ushei. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Ya simu inahitaji kuthibitishwa kwa kiungo kabla treni haijaondoka. Kusahau hilo ni faini hata kama umelipa nauli. Kutoka Centrale ni mwendo wa miguu wa dakika 25 kufika uwanjani. Njia fupi ni kubadili treni na kushuka Pisa San Rossore, iliyo karibu zaidi na mnara, na pia iko kwenye reli ya kwenda Lucca utakayoihitaji mchana.

Nunua nafasi ya asubuhi, kwa kuwa kanisa kuu na nyumba ya ubatizo viko magharibi mwa mnara na jua la asubuhi linaviangaza. Watu huingizwa kwa makundi na ziara ni nusu saa. Mabegi yote, hata mkoba wa mkononi, huachwa kwenye chumba cha mizigo kabla ya kuingia, bila malipo. Simu na kamera zinaruhusiwa. Mtoto chini ya miaka minane hapandi hata akibebwa, na wazazi wengi huambiwa hivyo wakiwa mlangoni tayari, tiketi mkononi.

Ujenzi ulianza mwaka 1173. Kufikia 1178, ghorofa ya tatu ikiendelea, mnara ulikuwa umeanza kuzama upande mmoja: msingi wake ni wa kina kidogo na chini yake kuna udongo laini wa mfinyanzi na mchanga. Kazi ikasimama karibu karne nzima. Kusimama huko ndiko kuliuokoa, maana udongo ulipata muda wa kukazana chini ya uzito. Waliorudi 1272 walijaribu kuurekebisha kwa kujenga ghorofa za juu zikiwa ndefu zaidi upande uliozama. Kwa hiyo mnara haukuinama tu, umepinda. Chumba cha kengele kilikamilika 1372. Uzito wa jumla ni tani 14,500.

Mwaka 1989 mnara wa mji wa Pavia uliporomoka ukaua watu wanne, na Januari 1990 mnara wa Pisa ukafungwa. Zikawekwa kwanza tani mia kadhaa za risasi upande wa kaskazini ili kuuzuia. Suluhisho la kudumu lilikuwa kuchimba udongo kidogo kidogo, jumla mita za ujazo 38, chini ya upande ulioinuka, mnara ukarudi wenyewe kwa kama sentimita 45. Ulifunguliwa tena Desemba 2001. Mwinamo sasa ni nyuzi 3.97 badala ya 5.5 za awali, na kilele kimetoka nje ya mstari wa wima kwa karibu mita 3.9.

Haya yote unayasikia miguuni. Vidato ni 294 upande mmoja na 296 upande mwingine, kwa kuwa ghorofa ya saba ngazi ya kaskazini ina pungufu ya viwili. Ngazi inazunguka ndani ya unene wa ukuta. Ukifika upande ulioinama unavutwa kuelekea ukuta wa nje na hatua inakuwa nyepesi, kama unateremka. Ukizunguka upande wa pili unasukumwa ndani na kila kidato kinaongezeka uzito. Angalia marumaru chini: yamelika kama bakuli, lakini bakuli hilo halikai katikati. Linahama kutoka ukingo mmoja wa kidato kwenda mwingine kila nusu mzunguko, kufuata mahali miguu ya watu ilipovutwa kwa karne nyingi. Mvua ikiwa imenyesha, mashimo hayo huteleza vibaya. Kanyaga nje ya shimo, karibu na ukuta.

Juu kuna kengele saba. Hazibembei tena, zinagongwa zikiwa zimetulia ili zisitikise mnara. Kizunguzungu huwapata hata watu wasioogopa urefu, kwa sababu sikio la ndani na macho havikubaliani sakafu iko wapi. Tazama upeo wa mbali, si ukingo wa roshani, na kitapungua.

Sasa, mnara wenyewe utauona wapi? Si kutoka juu yake. Karibu na uwanja kuna ngazi ya kupanda ukuta wa zamani wa mji, wenye urefu wa mita 11 hivi na njia ya kutembea ya kama kilomita tatu. Kutoka pale unapata mnara, kanisa na nyumba ya ubatizo katika mstari mmoja, na mwinamo unaonekana ulivyo, bila watu wanaosukuma hewa kwa mikono ili pichani waonekane wanauzuia usianguke.

Lucca ni mwendo wa kama nusu saa kwa treni. Mnara wa Guinigi una mita 44, vidato 230 hivi, na juu kuna bustani ya mialoni. Ngazi za ndani ni pana kwa sehemu kubwa, za chuma mwishoni. Utaona Piazza dell'Anfiteatro, uwanja wa duara-yai uliojengwa juu ya mabaki ya kiwanja cha Waroma. Mita mia chache kutoka hapo ni mnara wa saa, Torre delle Ore, vidato 207, wenye mtambo wa 1754 unaoonekana unapopita. Huo hufungwa majira ya baridi. Mmoja unatosha, Guinigi kwa kivuli chake. Kuta za mji, kilomita nne na zaidi, ni bure na tambarare, zinafaa kunyoosha miguu kabla ya treni ya moja kwa moja kurudi Firenze.

Siku ya 4: Siena

Acha mzigo mkubwa Firenze, beba wa usiku mmoja. Siena panda basi la haraka, 131R, si treni. Stesheni ya treni iko bondeni nje ya mji, wakati basi linakushusha juu kabisa, dakika kumi kutoka Piazza del Campo, uwanja mkuu wa mji.

Torre del Mangia ilijengwa kati ya 1338 na 1348. Matofali yanafika mita 88, na ukijumlisha nguzo ya radi ni 102. Imesimama mahali pa chini kuliko kanisa kuu lakini vilele vyake vinalingana, ili serikali ya mji isionekane iko chini ya Kanisa. Jina linatokana na mpiga kengele wake wa kwanza, Giovanni di Duccio, aliyeitwa Mangiaguadagni, yaani mla-faida, kwa kutumbua mshahara.

Hapa ratiba inategemea uwahi wako. Kwenye roshani huingia watu wachache kwa zamu, na ofisi ya tiketi iko ndani ya ua wa Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji lenye mnara huo. Fika kabla haijafunguliwa. Ukifika saa sita mchana utapewa zamu ya alasiri, au utaambiwa siku imejaa. Mvua ikianza mnara unafungwa, na umeme wa radi ukiwa mbali bado unafungwa. Mabegi yanaachwa chini.

Vidato ni kama 400, na kati ya minara yote ya safari hii, hii ndiyo ngazi nyembamba zaidi. Mwanzoni ni mawe, dari imeshuka, mtu wa mita 1.80 anainamisha kichwa. Kupishana ni kwa kukubaliana. Waliojaza mifuko ya nyuma kwa chupa na betri hukwama. Vitu viwe mifuko ya mbele. Juu kabisa iko kengele kubwa ya 1666. Ikikaribia saa kamili, shuka ngazi moja chini yake au ziba masikio kwa viganja, si vidole.

Jua la asubuhi liko nyuma yako ukitazama Campo na kanisa kuu, lakini mnara wenyewe unatupa kivuli chake uwanjani, mstari mrefu unaosogea juu ya vipande tisa vya sakafu ya matofali. Vipande tisa ni kwa ajili ya Baraza la Watu Tisa lililotawala mji. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti uwanja huo huwa wa mbio za farasi za Palio. Siku hizo na zinazozikaribia, safari ya minara haifai.

Alasiri panda Facciatone. Mwaka 1339 Siena ilianza kulipanua kanisa kuu liwe kubwa kupita kiasi. Tauni ya 1348 ikaua watu wengi na kazi ikaachwa. Ukuta mmoja wa mbele, ndio Facciatone, ulibaki umesimama peke yake, na ndani yake mna ngazi ya mzunguko inayokutoa juu kwenye ujia mwembamba. Tiketi ni fungu la kanisa kuu, na hupandwa kwa makundi madogo. Hapa ndipo unapoipata Torre del Mangia nzima, nyekundu, jua la magharibi likiipiga usoni. Mwenye pesa ya mnara mmoja tu Siena apande huu. Ni mfupi na picha yake ni bora.

Siku ya 5: San Gimignano

Basi 130 hutoka Siena, pengine kwa kubadilisha Poggibonsi. Jumapili na sikukuu mabasi ni machache sana, kwa hiyo siku ya tano isiangukie Jumapili. Nunua tiketi ya kurudi pamoja na ya kwenda.

Minara iliyobaki ni 14. Hesabu ya zamani husema ilikuwa 72. Familia tajiri zilishindana kwa urefu mpaka sheria ikakataza mtu binafsi kupita urefu wa Torre Rognosa, mita 51. Kisha serikali ya mji yenyewe ikajenga Torre Grossa, mita 54, ikakamilika 1311. Huo ndio unaopandwa, vidato 218, kupitia Palazzo Comunale kwa tiketi ileile ya makumbusho. Ndani ni uwazi mtupu wenye ngazi za chuma zinazopanda kwa kufuata kuta, rahisi kuliko zote za safari hii, isipokuwa mwisho: ngazi fupi iliyosimama karibu wima, inayopenya kwenye tundu la sakafu. Panda ukiishika kwa mikono yote miwili, na ushuke ukiitazama, si ukiipa mgongo. Sketi ndefu hukanyagwa hapo.

Mabasi ya ziara ya siku humwaga watu kuanzia saa nne asubuhi na kuwazoa kama saa kumi na moja jioni. Nafasi nzuri ni kabla au baada ya hapo. Kwa mandhari ya minara yenyewe ikiwa imejipanga, nenda Rocca di Montestaffoli, ngome iliyobomoka pembezoni mwa mji, ambako hulipi chochote. Kutoka hapo rudi Poggibonsi kwa basi, na Firenze kwa treni au basi.

Siku ya 6: Bologna

Treni ya kasi kutoka Firenze haifikishi dakika 40. Vitabu vingi vya mwongozo bado vinakutuma kwenye mnara wa Asinelli, mita 97.2 na vidato 498 vya mbao. Umefungwa. Oktoba 2023 vipimo vya jirani yake, Garisenda, mita 48 na mwinamo wa nyuzi nne, vilionyesha mabadiliko ya hatari, eneo likazungushiwa uzio. Garisenda ilikuwa ndefu zaidi. Ilipunguzwa karne ya 14 kwa sababu hiyohiyo. Kabla hujalipia chochote chenye jina Asinelli, angalia taarifa ya manispaa.

Badala yake weka nafasi mapema kwenye mnara wa saa wa Palazzo d'Accursio, unaotazama Piazza Maggiore na kanisa la San Petronio. Mnara wa Prendiparte, karibu mita 60, ni wa watu binafsi na siku zake za kufunguliwa ni chache. Ngazi zake za mbao ni kali. Ukiikosa yote miwili, upo mlima wa San Luca, unaofikiwa kwa kutembea chini ya baraza moja ndefu isiyokatika yenye matao 666, kama kilomita 3.8 kutoka lango la Saragozza, kivulini hata jua likiwa kali. Anza saa tisa alasiri, urudi stesheni kabla ya giza. Treni za jioni za kurudi Firenze ni nyingi, ila za kasi hupanda bei kadiri saa zinavyokaribia, za mkoa hazipandi.